Digrii Mia Tatu kutoka Muhuru

Kwenda chooni wakati wa kipindi cha Mwalimu wetu wa Hesabu kulikuwa mtihani. Ulinyanyua mkono ukasema, "Mwalimu, naomba kutoka." Yeye hakugeuka. Aliendelea kuandika ubaoni, kisha akauliza, "Choo kiko wapi kutoka hapo ulipokaa?" Na wewe, huku umebana miguu, ulitakiwa kumtajia mwelekeo kwa tarakimu tatu, ukihesabu kutoka kaskazini na kuzunguka upande wa mshale wa saa. Sufuri, nane, tano. Ukisema themanini na tano bila sufuri mbele, ulirudi kukaa. Kuna kijana mmoja alijibu, "Mwalimu, choo iko pale." Yawa! "Pale si mahali," Mwalimu akamwambia. "Pale ni uvivu wa mdomo." Yule kijana alishinda kitini mpaka kengele ilipolia, na sisi tulicheka mpaka machozi.

Nacheka hata sasa ninapoandika, na nikimaliza kucheka nakasirika. Sitaficha. Mtu huyu nilimpenda kuliko mwalimu mwingine yeyote, na kwa miaka tisa nimekuwa nikimchukia. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake. Nilitaka afungue kinywa aseme kwamba alikosea, na kwamba kosa lake ndilo lililomtoa kaka yangu ziwani likampeleka alikofia. Sikutaka pole, sikutaka zawadi, sikutaka anililie. Nilitaka neno hilo litoke kwake mwenyewe, na alikuwa hajalitoa.

Shule yetu ilikuwa kwenye mwinuko juu ya Muhuru Bay. Kutoka darasani uliona ziwa lote, na chini ufuoni uliona akina mama wakigeuza omena, dagaa wa kwetu, juu ya nyavu zilizotandikwa. Kila mwanzo wa mwaka Mwalimu alitutoa nje tukapaka chokaa mawe, tukayapanga uwanjani yawe mshale mkubwa wa kuonyesha kaskazini. Mbuzi waliyavuruga, tukapanga tena. Ukikosa adabu, hakukupiga. Alikusimamisha kwenye ule mshale, uso kaskazini, mikono kando, mpaka mabega yawake moto. Ukigeuka kidogo kutazama wasichana waliokuwa wakipita, aliongeza dakika kumi. Mtoto wa chifu alisimama pale, na mtoto wa mjane alisimama pale pale. "Kaskazini haina mjomba," alikuwa akisema, na kusema kweli hakuwa na upendeleo hata chembe.

Alifundisha kwa Kiingereza cha vitabuni. Akikasirika alihamia Kiswahili, na akikasirika sana alirudi Dholuo, lugha ya nyumbani, hapo ukajua leo kumenuka. Maswali yake yalikuwa yale yale: meli imeondoka bandari P kwa mwelekeo fulani, ikaenda kilomita kadhaa, ikageuka, ikaenda nyingine kadhaa, je, iko umbali gani kutoka ilikoanzia, na irudi kwa mwelekeo upi? Sisi tulikuwa watoto wa wavuvi. Tulimuuliza kuhusu upepo. Tulimuuliza mawimbi je, na injini ikizima je, na huyo nahodha amekula nini. Yeye aligonga ubao kwa chaki, tap, akaacha alama ndogo nyeupe. "Hapa boti ni nukta," alisema. "Nukta haina upepo. Nukta haina njaa. Chora."

Tukachora. Na mimi nikachora kuliko wote, kwa sababu siku nilipoelewa kanuni ya sine nilihisi kama nimefunguliwa dirisha. Kumbe unaweza kukaa kwenye dawati na rula iliyovunjika ncha ukajua umbali wa mahali ambapo hujawahi kukanyaga! Nilitoka nje siku ile nikatazama ziwa ambalo nimelitazama tangu nizaliwe, nikaona pembetatu kila mahali. Hilo nalo alinipa yeye, siwezi kumnyima.

Sasa sikiliza kioja. Mtu huyu aliyefundisha safari za majini kwa miaka na miaka hakuwahi kuingia ndani ya boti hata siku moja. Aliogopa maji vibaya sana. Mama wa mwenzetu mmoja alipofariki kisiwani, darasa zima lilivuka kwenda kuzika. Mwalimu alisindikiza mpaka ufuoni, akatazama boti, akatazama maji, akasema, "Nendeni. Mimi nitawalindia viatu." Tulivuka peku. Tuliporudi alasiri tulimkuta amekaa juu ya jiwe kwenye jua lile lile, na viatu vyetu amevipanga jozi kwa jozi, ncha zote zikielekea kaskazini. Wavuvi walimcheka mwezi mzima.

Alikuwa na nyumba Kendu Bay, na likizo ikifika alizunguka kwa barabara, Migori, kisha Homa Bay, vumbi tupu, siku nzima, ilhali watu walikata majini wakafika na nguo safi. Na nchi kavu nako hakuwa hodari. Alitumwa Migori mjini kuleta vitabu, akapotea kati ya soko na stendi, akapanda gari la Isebania badala ya letu. Alirudi kesho yake na vitabu kichwani. Wiki ile swali la kwanza lilikuwa hivi: lori moja lilitaka kwenda magharibi kutoka Migori, likaenda kusini kwa bahati mbaya. Lori lirudi kwa mwelekeo upi? Hatukuthubutu kucheka. Tulijua lori ni nani.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mama alisema yatosha, nikae nyumbani nimsaidie kuuza omena. Hakuwa mbaya, alikuwa amechoka. Mwalimu alikuja kwetu kwa miguu siku ya Jumamosi. Hakukubali chai, hakukubali kiti kizuri. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kati ya nyavu za omena, nzi wakimtembea usoni, akamwambia mama, "Mama, huyu mtoto nikimwacha aache shule, mimi pia naacha kazi. Tutauza wote omena. Unataka mimi niuze omena?" Mama alimtazama mtu yule na shati lake lililopigwa pasi, akaangua kicheko. Jumatatu nilirudi darasani. Ndiyo maana chuki yangu kwake ilikuwa na mizizi mirefu: nilikuwa nimemweka mahali pa juu mno.

Kaka yangu mkubwa hakupita kwake. Aliachia darasa la nane, akaingia kwenye boti ya baba, na baba alipozeeka ikawa yake. Alikuwa mvuvi wa mbuta, wale sangara wakubwa, mzuri, mwenye bidii, mtu wa kuchekesha watu. Lakini miaka ile kulikuwa na tabu ya mpaka. Kwetu mpaka wa Tanzania umeanzia karibu na ufuo ukaingia ndani ya maji, na majini hakuna jiwe wala waya. Ukiteleza ukavuka, askari wa doria wa upande ule wanakukamata, na hawana makosa, wako kwao. Wazee walikwenda kwa kutazama vilima. Lakini msimu wa kiangazi moshi na ukungu hufunika vilima vyote, na hapo kila mtu anakisia.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa Mwalimu. Nilikuwa chuo kikuu mwaka wa pili, nasomea ualimu wa hesabu na fizikia, nimerudi likizo na maneno mengi. Nikamwambia kaka, "Hili jambo ni la mwelekeo na umbali tu. Twende kwa Japuonj." Hivyo ndivyo wazazi wote walivyomwita, Japuonj, mwalimu.

Sijawahi kumwona amefurahi namna ile. Kwa mara ya kwanza mtu mzima alimjia na swali la kweli! Alitandaza ramani mezani, akaishikilia kwa vikombe, akapima kwa rula na kipimapembe, akafuta, akapima tena, siku tatu. Mwishowe alimpa kaka karatasi ya grafu iliyofunikwa kwa selotepu isilowe. Kwenda: digrii mia tatu. Kurudi: digrii mia moja na ishirini. Usipite kilomita kumi na mbili. Akampa pia dira yake mwenyewe, ya shaba, iliyokaa miaka kwenye droo yake. Kaka aliipokea kwa mikono miwili. "Japuonj, ero kamano," alisema, asante sana.

Hesabu ile ilikuwa sahihi. Nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyorudia sala. Mpaka unaelekea karibu magharibi moja kwa moja. Ukiondoka Muhuru kwa digrii mia tatu, baada ya kilomita kumi na mbili uko kilomita sita kaskazini mwa mpaka. Uko kwenu, unatega nyavu, unaimba.

Asubuhi ya kwanza ya kutumia dira nilikuwa ufuoni. Kaka aliifunga kwa kamba ya wavu kwenye ubao wa nyuma, kando kabisa ya injini, kwa sababu nyuma ndiko anakokaa mwenye kushika usukani, na alitaka mkono na jicho vikae pamoja. Mtu yeyote wa boti angeifunga pale pale. Na injini ni chuma, ndani yake mna sumaku, na sindano ya dira haina akili ya kujua ipi ni kaskazini na ipi ni injini ya mtu. Inakwenda inakovutwa.

Yaliyotokea huko ndani tulisimuliwa na mzee aliyekaa mbele ya boti, mvuvi wa tangu zamani za baba. Vilima vilipotea kwenye ukungu. Kaka alikaza macho kwenye dira, mia tatu, mia tatu. Baada ya muda yule mzee akageuka akasema, "Omera, ndugu yangu, hii njia si yetu. Jua inafaa kunichoma bega ya kulia. Saa hii inanichoma kisogo."

"Tulia, mzee," kaka akamjibu. "Japuonj amepiga hesabu."

"Mimi sijui hesabu. Mimi najua kisogo changu."

"Basi kisogo yako ichukue dira ituendeshe!" Wote walicheka, hata mzee mwenyewe. Injini ilikuwa imeivuta sindano kama digrii thelathini na tano. Kaka alidhani anakwenda mia tatu, kumbe anakwenda mia mbili sitini na tano. Piga hesabu mwenyewe: hiyo ni kilomita moja ndani ya Tanzania. Walikuwa ndiyo kwanza wameanza kutega nyavu doria ilipotokea.

Walikaa ndani wiki saba. Watu walirudi, boti haikurudi, injini haikurudi, nyavu hazikurudi. Baba alikuwa mzee wa maneno machache na tangu siku ile akawa hana hata hayo machache. Kaka hakutaka kuvua kwenye boti ya mtu mwingine kama kibarua, kule kule alikokuwa nahodha. Akaenda Osiri kuchimba dhahabu. Mtu wa maji, jamani, anayelala na kuamka na upepo, akaenda kuingia shimoni kama fuko. Alikaa miezi mitano. Shimo likaporomoka baada ya mvua, wakamtoa siku ya pili.

Kwetu hukosi mazishi. Unaweza kuwa umegombana, mnadaiana, hamsalimiani, lakini mtu akifa unakuja, unaonekana, unasimama kaburini. Wanafunzi wa Mwalimu walikuja, walimu wenzake walikuja na sare zao za kwaya, yule mzee wa kisogo alikuja akalia kuliko wanawake. Mwalimu hakuja. Alikuwa ameshastaafu, amehamia Kendu Bay kabisa. Hakuja wala hakutuma mtu, wala salamu. Mama alikuwa akitazama barabara kila gari likisimama. "Japuonj amechelewa," alisema siku ya kwanza. Siku ya tatu aliacha kusema.

Hapo ndipo roho yangu ilipochafuka juu yake. Nikasema, kumbe! Umetusimamisha juani kwa kukosa sufuri moja, wewe umekosa mtu mzima na umejificha. Nilimaliza chuo, nikaajiriwa kufundisha upande wa Homa Bay, na kila mwaka, nikifika kwenye mada ile, nilifundisha kwa hasira. Wanafunzi wangu waliniogopa. Nilijua Kendu Bay iko umbali gani kutoka shuleni kwangu, kwa barabara na kwa mstari ulionyooka, na kwa miaka yote hiyo sikwenda.

Likizo iliyopita nilikwenda. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu tangu nilipoamka. Nyumba niliipata kwa kuuliza, na nilipoiona nikaijua. Imeipa barabara mgongo, kwa sababu aliijenga mlango ukitazama kaskazini kamili, barabara itake isitake. Mkewe alinipokea nyuma. "Pita tu hapa jikoni, nyathina," mwanangu, aliniambia. "Mlango Japuonj aliweka upande ya mahindi."

Alikuwa kibarazani akimenya njugu. Amekonda, mashavu yameingia ndani, sweta kubwa kuliko mwili. Nilitazamia kujitambulisha. Aliniangalia kidogo tu akasema, "Safu ya pili, karibu na dirisha." Nilikaza moyo. Sikukaa.

"Mwalimu, nimekuja kwa sababu ya kaka yangu."

Aliweka njugu chini. "Najua," alisema. "Nilikosea."

Hivyo tu. Sikuwa hata nimeanza hotuba yangu.

"Nilimpa dira bila kumuuliza ataiweka wapi," akaendelea. "Mimi boti nimeiona kwa mbali. Kwangu boti ilikuwa mbao. Injini sikuiwazia kabisa. Siku niliyosikia wamekamatwa nilikaa na nakala yangu ya ile karatasi usiku kucha, nikaona. Kosa ni langu, si la mtu mwingine."

"Na mazishi?"

"Nilifika Migori. Nilishuka stendi. Gari la Muhuru lilijaa likaondoka, jingine likajaa likaondoka. Nikamwona mama yako akilini, akinikaribisha. Nikashindwa." Alijifuta midomo kwa mkono wa sweta. "Huo nao ni uoga. Uandike nao kwenye makosa yangu."

Miaka tisa nilikuwa nikilisubiri neno lile. Nilidhani likija nitalia, au kifua kitapungua uzito, au angalau nitapata mahali pa kummwagia. Nilisimama pale na mkoba wangu begani. Alikuwa amelitoa bila kubishana, mzee wa watu, na halikunifanyia lolote.

Basi akanihurumia, na hapo ndipo aliponimaliza.

"Kaka yako alikuja hapa," alisema. "Hakukwambia? Kabla ya kwenda Osiri. Alikaa hapo hapo ulipo. Nilimwambia haya ninayokwambia, nikamwomba msamaha. Alikuwa kijana mwema sana. Aliniambia, 'Japuonj, usijilaumu hivyo. Nyamera, dada yangu, yuko chuo kikuu, anasoma fizikia, na yeye aliiangalia dira asubuhi ile kabla hatujasukuma boti. Kama ingekuwa na kasoro angesema.'" Mwalimu alinitazama kwa upole. "Kwa hiyo na wewe usijilaumu, nyathina. Hata wewe hukuona. Ni jambo la kumponyoka mtu."

Niliona.

Nilikuwa nimesimama nimetazama ziwa, jua linachomoza mgongoni, kaskazini iko mkono wangu wa kulia. Na ile sindano haikuwa ikielekea mkono wangu wa kulia. Ilikuwa imepinda kuelekea majini. Niliiona, nikaitazama injini, na nikajua kwa nini, kwa sababu tulikuwa tumefanya jaribio lile lile maabara muhula uliotangulia, misumari na dira. Boti ilikuwa bado imekaa mchangani. Lakini kaka alikuwa amevaa koti lake jipya, wanaume wamemzunguka, anawaonyesha karatasi ya Japuonj, na jana yake jioni aliniambia mbele ya watu kwamba chuo kimenifanya mjuaji, siachi mtu apumue. Nilinuna. Nikajiambia, kama Mwalimu mwenyewe ameipitisha, mimi ni nani? Kaka aliniuliza, "Nyamera, iko sawa?" Nikajitia hamnazo. Nikatikisa kichwa kukubali, nikarudi nyumbani kunywa chai.

Mwalimu alikuwa akinisubiri nijibu. Njugu zilikuwa kwenye sinia kati yetu.

"Kweli, Mwalimu," nikamwambia. "Sikuona."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika, kisha akamwita mkewe aniletee chakula.